Mdomo Mwembamba na Friza la Mama

Tangu nirudi, hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza habari za mlima. Wote mnataka kujua friza la mama lilikufaje. Habari zilifika Mbagala kabla yangu, zikapita Tandika zikaongezwa chumvi, na juzi mtu mzima na akili zake kanisalimia sokoni kwa kuniita muua friza. Basi naandika mara moja, msome wote, halafu mniache nipumzike.

Kwa asiyenijua: naitwa Tatu, Mzaramo wa Kimbiji niliyehamia Mbagala, na riziki yangu naipata kwa kuosha vioo vya maghorofa nikiwa nimening'inia kwenye kamba. Mwenzangu wa kazi ni Eliya, Mchaga wa Rombo, mrefu, mzito, mbishi, na ndiye mtu pekee ninayemwamini aishike kamba yangu. Mwaka huu tulipata nafasi ya kwenda kupanda ukuta wa barafu ulioko juu kabisa ya Kilimanjaro, ile barafu ya kale ambayo kila mwaka inazidi kuisha. Habari za vibali na makaratasi naziruka, nisije nikawalaza.

Shoka la barafu si kama la kuni. Lina mpini uliopinda na mdomo mrefu wa chuma kama wa korongo, wenye meno upande wa chini. Mdomo huo unafunguliwa kwa spana na kubadilishwa. Sisi tulikuwa na jozi mbili, minene na myembamba, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Barafu ya juu kule ni kavu na ngumu. Ukiipiga vibaya haichomeki, inabanduka vipande vipande kama sahani. Mdomo mnene haukatiki hata ukigonga jiwe, lakini unaipasua barafu, na sahani zote zinamshukia aliye chini. Mdomo mwembamba unaingia bila fujo, ila wenyewe unaweza kukatika, na hapo aliye juu ndiye anayebaki kuomba dua. Kwa kifupi, mnene unamlinda wa juu na mwembamba unamlinda wa chini.

Wa juu ni mimi, kwa kuwa ni mwepesi. Wa chini ni Eliya, kwa kuwa kamba inataka mtu mzito aishike. Eliya akashikilia nichukue minene. Mimi nikashikilia myembamba. Tulitukanana wiki nzima, kila mmoja akimtetea mwenzake.

Mwisho tukakubaliana tuijaribu yote kwenye barafu ya kweli kabla ya kuondoka. Mtu mwenye akili angeuliza, barafu ya kweli, Dar es Salaam, kwenye joto hili? Hatukuwa na mtu mwenye akili karibu.

Mbagala hadi Mikocheni

Eliya alikuwa na jamaa yake kwenye kiwanda cha barafu huko Mikocheni, kimoja kati ya vile vilivyobanana na nyumba za watu, ukuta huu wanachomelea mageti, ukuta ule mtu anaanika nepi. Tulifika asubuhi, mashoka yamefungwa begani. Mlinzi wa getini aliniangalia mimi, akaangalia mashoka, akamwangalia Eliya, akafunga geti.

"Mnataka nini?"

"Tunataka kupiga barafu kidogo," Eliya akasema.

"Kuipiga imefanya nini?"

Nikaona huyu Mchaga atatuharibia. Nikasogea nikamsalimia vizuri, nikaeleza habari za mlima, za kamba, za mdomo mnene na mwembamba. Mlinzi alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma, kisha uso ukamkunjuka ghafla.

"Aaa, sista, si useme tu! Mnashuti video."

Nilifungua mdomo kukana, Eliya akanikanyaga mguu.

"Tunashuti video," Eliya akasema.

"Ya singeli?"

"Ya singeli."

Geti likafunguka. Ila kwa sharti moja, naye aonekane. Kwa hiyo muda wote tuliokuwa ndani ya kiwanda kile, nyuma yetu alisimama mwanamume wa makamo mwenye sare na rungu, ametoa kifua mbele, anatikisa mabega kwa muziki anaousikia yeye peke yake. Eliya alishika simu juu kama anayerekodi. Sijui kama alirekodi kweli, ila nina hakika mlinzi yule mpaka leo anangoja ajione.

Tukaletewa mche mmoja wa barafu, mrefu kama jeneza la mtoto, unatoka jasho. Nikapiga kwa mdomo mnene, ukaingia. Nikapiga kwa mwembamba, ukaingia. Nikamwambia Eliya apige kwa kijiko cha chai, nacho nadhani kingeingia. Barafu ya kiwandani ikishatolewa nje Mikocheni inaanza kulegea hapo hapo, ni kama kuchoma kisu kwenye papai. Haikutufundisha lolote.

"Tunataka iliyo kavu," Eliya akasema. "Isiyotoa jasho. Ya kwenye friza, iliyokaa humo mpaka imekuwa sugu."

Aliposema hivyo nikajua friza la namna hiyo liko wapi. Liko Kimbiji, barazani kwa mama yangu. Mama anauza barafu za ukwaju na ubuyu, zile za kufunga kwenye mifuko, na friza lake la kulala halijawahi kuzimwa tangu liwashwe, labda umeme wenyewe ukatike. Kuta zake kwa ndani zimeota barafu unene wa kiganja.

Na kwa mama nilikuwa na kazi nyingine ambayo nilikuwa naikwepa. Sikuwa nimemwambia habari za mlima. Kwetu mtu haendi safari ya hatari bila radhi ya mama, hata awe na mvi. Unaweza kukejeli kila kitu duniani, na mimi nakejeli vingi kama mnavyonijua, lakini hilo sichezi nalo. Nilikuwa naiogopa siku hiyo kuliko ukuta wenyewe.

Nikapiga simu pale pale kiwandani.

"Mama, shikamoo. Naomba unigandishie ndoo moja ya maji, nakuja mwisho wa wiki."

"Marahaba. Ndoo nzima? Ya nini?"

"Ya kazi, mama. Nitakueleza nikifika."

Akanyamaza kidogo. Mama yangu akinyamaza kwenye simu, ujue ameshaelewa kitu, na mara nyingi sicho.

Mikocheni hadi Magogoni

Mwisho wa wiki tukashuka kivukoni. Ningeweza kupita darajani, lakini Eliya anapenda pantoni, anasema kwao Rombo hakuna kitu kikubwa kinachoelea. Tulinunua mihogo ya kukaanga yenye pilipili, tukasimama kwenye foleni, na mfuko wetu ukachanika. Mashoka mawili yakalala sakafuni mbele za watu.

Watu wa Dar hawakimbii jambo la ajabu, wanalisogelea. Kufumba na kufumbua tulikuwa na duara. Mkaguzi mmoja alikuja kuuliza silaha ni za nani, lakini kabla sijajibu, mama mmoja muuza samaki mwenye beseni kichwani alikuwa ameshaokota shoka moja na anaupima mdomo wake kwa kidole gumba.

"Hii ya pweza," akatangaza.

"Si ya pweza, mama," nikasema.

"Mwanangu, mie nimezaliwa Mjimwema. Nimechokoa pweza kabla hujazaliwa. Hii unaingiza kwenye tundu, hivi, meno yanamkamata, unavuta. Nani kakutengenezea?"

"Ni ya kupandia barafu. Mlimani."

Duara zima likanicheka. Kijana mmoja akasema dada kavuta kitu. Mkaguzi naye akacheka, na nilipoona anacheka nikashukuru Mungu, nikaacha kubisha. Lakini yule mama hakuacha. Alitaka kujua kwa nini mdomo mmoja mnene na mwingine mwembamba, maana tulikuwa tumefunga mmoja kila shoka ili tulinganishe. Nikamweleza kama nilivyowaeleza nyinyi. Akasema yeye angechukua mnene, pweza ana nguvu. Mkaguzi akasema mwembamba, ni mwepesi kubeba. Mzee aliyeshika baiskeli akasema vyote ni uchuro. Wakabishana kwa raha zao, na wakati wanabishana pantoni ikajaa, ikafunga mlango, ikaondoka. Tulibaki ng'ambo hii na majaji wetu wote.

Kigamboni hadi Kimbiji

Baada ya kuvuka tulikodi bajaji, na dereva wake, jina lake Shabani, alituhakikishia kwamba barabara ya Kimbiji anaijua kama sebule yake. Labda sebule yake ina mashimo. Baada ya lami kutuaga tuliruka kama bisi kwenye sufuria, na mbele kidogo bajaji ikazama kwenye mchanga mpaka tumbo likagusa chini.

Eliya alishuka kusukuma, mimi nikashuka kusimamia. Tulisukuma, ikazidi kuzama. Nikageuka kutafuta majani ya kuweka chini ya tairi, na niliporudi nikamkuta Shabani amepiga magoti, ameshika shoka langu lenye mdomo mnene, anachimba. Kumbukeni ule mchanga una matumbawe chini, mawe makali ya pwani. Kila akipiga, cheche.

"Shabani!" nikapiga yowe.

"Dada, hili sururu lako babkubwa," akasema bila kuinua kichwa. "Umelitoa wapi?"

Aliponirudishia nililigeuza geuza nikitafuta jino lililovunjika. Halikuwepo. Ncha ilikuwa kama ilivyotoka dukani, ina vumbi tu. Eliya aliniangalia kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

"Umeona? Huo hauvunjiki. Hata mawe hauyaogopi. Mie naishi kwa amani hapo chini, we una kitu cha kukushika."

Kusema kweli ningependa kupanda na kitu kisichokatika. Mimi si shujaa. Nilikwenda mpaka Kimbiji nikiwaza kwamba labda Mchaga ana haki, na jambo hilo liliniudhi kuliko mchanga.

Barazani kwa mama

Mama alitupokea vizuri. Eliya alimwamkia, mama akaitika, akamtazama kuanzia viatu hadi nywele, kisha akaniuliza mimi, "Ndiye huyu?" Nikasema ndiye mwenzangu wa kazi. Akasema, "Sijauliza wa nini." Tukakaribishwa wali wa nazi na changu wa kukaanga, Eliya akala mara mbili, na mama akalegea kidogo. Hapo ndipo nilipoomba ndoo yangu.

Aliitoa mwenyewe kutoka frizani, kwa fahari, akaigeuza juu ya gunia. Likadondoka bonge la barafu la rangi ya kahawia.

"Mama, hii nini?"

"Ukwaju. Na sukari nimezidisha."

"Nilisema maji!"

"Barafu ya maji matupu kwetu hailiwi, Tatu. Ya maji matupu anawekewa maiti. Mtoto ananipigia simu anataka ndoo nzima ya barafu, anasema ya kazi, sauti ya wasiwasi, na anakuja na mwanamume. Nikasema hii ni posa, wanaona haya kusema. Nikatia ukwaju, wageni wasije wakanisema."

Eliya alipaliwa na maji aliyokuwa anakunywa. Mimi nikatamani mchanga wa Shabani unimeze. Na la kuudhi zaidi, sukari hailiachi bonge likawa gumu. Nikapiga mdomo mnene, ukazama. Nikapiga mwembamba, ukazama. Papai tena, safari hii lenye ladha.

Ikabidi niseme kweli. Nikakaa chini mkekani, nikamweleza mama ukuta wa barafu, kamba, nani yuko juu na nani yuko chini. Nilitegemea kelele. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Na hiyo midomo miwili, upi bora?"

"Ndicho tulichokuja kujaribu. Tunataka barafu kavu."

Mama akaelekeza kidole kwenye friza. "Si hiyo hapo ukutani? Mwaka wa ngapi nataka mtu anitolee. Inanilia nafasi. Jaribuni humo, nione kwa macho yangu. Sitoi radhi kwa kitu nisichokiona."

Nyie mnajua. Kila mtu aliyekulia kwenye nyumba yenye friji anajua. Hata mtoto wa chekechea akiona mtu anasogeza kisu kwenye barafu ya friji anapiga kelele. Sisi watatu tulilijua hilo, na nadhani kila mmoja alidhani mwingine ameliwaza.

Tukazoa mifuko ya barafu, tukaipanga kwenye beseni. Eliya akainama upande wa pili, kichwa ndani, kukusanya iliyobaki chini. Nikaanza na mdomo mnene. Nikapiga mara moja, pigo la kawaida, wala si kubwa.

Ukuta wa barafu ulilia kama kigae. Kipande cha ukubwa wa sahani ya supu kilibanduka, kikaruka, kikampiga Eliya usoni. Alinyanyuka ameshika uso na damu inapita katikati ya vidole.

Sijui nilisema nini. Mama alikuwa ameshafika. Aliondoa mikono ya Eliya, akamkalisha, akamfunua jicho kwa vidole viwili. Jicho lilikuwepo. Kipande kilikuwa kimekata nyusi, juu kidogo tu ya pale ambapo tusingekuwa tunacheka leo. Mama akamkandamiza kwa pembe ya kanga yake mpaka damu ilipopungua.

"Hiyo ya huku ni ya friza," akasema. "Ya huko ina ukubwa gani?"

"Ukuta mzima, mama," Eliya akajibu. "Ghorofa kama nne."

"Na wewe ndiye unakaa chini."

"Ndiyo."

"Una mama?"

"Ninaye, yuko Rombo."

"Anajua?"

Eliya akatazama vidole vya miguu. Alikuwa amemwambia mama yake anakwenda kwenye harusi.

"Nipe namba," mama akasema.

Akaingia ndani na simu. Tulimsikia akijitambulisha, akiomba radhi kwa kumsumbua, kisha sauti ikashuka na hatukusikia kitu tena kwa muda mrefu. Alipotoka macho yalikuwa mekundu kidogo.

"Nimemwambia kweli," akasema. "Amelia, nami nimelia. Halafu ameniambia mwanawe akishaamua kitu haambiliki, nikamwambia wa kwangu hali kadhalika. Nimempa ahadi yangu, mwanawe atarudi na macho yote mawili. Sasa chukua huo mwingine, upige."

Nikachukua shoka la mdomo mwembamba. Nikamwambia Eliya akae mbali kabisa, nikapiga kwa kiwiko kilicholegea, pigo safi kuliko yote niliyowahi kupiga maishani. Ukaingia tii. Hakuna ufa, hakuna hata chembe iliyoruka. Nilisikia raha mpaka kwenye meno.

Halafu nikasikia psssssss.

Tulisimama pale kama watu wanaosikiliza adhana. Friza lile lilitoa pumzi yake yote taratibu, kwa heshima, likakohoa mara moja na kunyamaza. Mdomo mwembamba ulikuwa umepita barafu yote, ukapita bati, ukatoboa bomba la gesi.

"Angalau umeingia vizuri," Eliya akasema, kanga ya mama ikiwa kichwani.

Mama aliniambia maneno ambayo siyaandiki hapa, kuna watoto watasoma. Kisha akaona mifuko kwenye beseni inaanza kulowa, akatoka uani akapiga yowe moja. Watoto wakaja, waendesha bodaboda wakaja, Shabani ambaye hakuwa ameondoka akaja, na hata imamu alipita akachukua wa ubuyu. Jioni ile Kimbiji nzima ilikuwa na midomo myekundu, na kila aliyekula aliuliza kulikoni, na kila aliyeuliza mama alimwonyesha mimi.

Tulipoaga, nilipiga magoti mbele yake. "Mama, nipe radhi."

"Ruhusa nimekupa," akasema. "Nenda. Radhi bado ninayo mwenyewe. Ukimrudisha mwana wa watu na macho yake mawili, tutazungumza, radhi na friza pamoja."

Ukutani

Safari ya mlimani naifupisha, maana huko hakukuwa na vituko kama vya Magogoni. Tulitembea, tukanywa uji, tukala bisi, tukatapika bisi. Wapagazi walikuwa na raha ya pekee ya kuja kunitazama. "Mzaramo huyo," wanaambiana, na mmoja akaniuliza kwa upole kabisa kama nimepotea njia ya kwenda ufukweni. Nilivaa kila nguo niliyokuja nayo, na bado nilihisi baridi mpaka kwenye majina ya babu zangu.

Ukuta ulipotokea mbele yetu asubuhi ile, utani uliniisha. Nilikuwa nimeiona barafu maisha yangu yote ikiwa kwenye glasi au kwenye mfuko. Ile ilisimama peke yake juu ya vumbi, nyeupe na buluu, imepasuka huku na huku, na chini yake maji yanachuruzika kimya. Kiongozi wetu akasema alipoanza kazi ulikuwa unafika kule, akaonyesha kwa fimbo mahali ambapo sasa kuna changarawe tupu. Niliona huzuni, nawaambia kweli.

Nilifunga midomo myembamba kwenye mashoka yote mawili. Eliya hakubisha. Kovu la nyusi lilikuwa bado jekundu. Alivaa miwani na kofia yake ngumu ya buluu, akasimama chini, pembeni kidogo. Lakini sahani ya barafu ikiruka haiulizi pembeni ni wapi.

Nikapanda. Kila pigo lilikuwa kama lile la frizani, tii, na tii, bila hata chembe. Nilichagua vibonde vidogo, nikapiga taratibu, nikafunga parafujo za barafu, skrubu ndefu zinazozama ukutani, kila nilipofika, nikapitisha kamba. Nilikuwa nacheka peke yangu. Nilimwona mama mawazoni, nikamwona mlinzi wa Mikocheni anatikisa mabega. Nikafika mahali ambapo ukingo wa juu ulibaki urefu wa mlango mmoja.

Hapo nikapiga kwa mkono wa kushoto, na ndani ya barafu kulikuwa na jiwe. Nilisikia kitu kikikatika kama njiti ya kiberiti. Ncha ya mdomo ilikuwa imekwenda. Shoka la kushoto lilibaki na kigutu.

Nilining'inia kwa mkono wa kulia na miguu, parafujo iko usawa wa kiuno changu, imara. Sikuwa na hatari ya kufa. Nilikuwa na hatari ya kutofika. Kigutu kile kingeweza kushika kama ningekipiga kwa nguvu zangu zote, mapigo machache tu na ningekuwa juu. Na kila pigo lingebandua sahani.

Nikatazama chini. Niliona kofia ya buluu.

"Vipi?" Eliya akapaza sauti.

"Umekatika!"

"Piga hivyo hivyo! Umefika! Nitafunika uso!"

"Nishushe!"

"Tatu, acha ujinga! Mwakani huu ukuta haupo! Piga!"

Ni kweli alichosema, na ndicho kilichoniuma. Nilitaka kufika kule juu kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Mkono wa kushoto ulinyanyuka wenyewe. Halafu nikasikia sauti ya mama, si ya hekima wala nini, ile ya kukera, ikiuliza, Una mama?

"Nishushe," nikasema. "Friza moja limetosha."

Akanishusha, ananitukana Kichaga njia nzima. Nilipogusa chini nililia, na machozi yakaganda, jambo ambalo linauma, msijaribu. Eliya alinigeukia tulipofika kambini, kila mtu ameshika kikombe chake.

"Mie ningepiga," akasema.

"Najua. Ndiyo maana ukakaa chini."

Akacheka mpaka chai ikamwagika.

Kimbiji tena

Tulivuka bila mkaguzi, bila muuza samaki. Shabani alitupeleka na hakuzama, nadhani alikuwa na haya.

Mama alikuwa barazani. Friza lilikuwa pale pale, sasa ni kabati la unga na kanga zake, kitambaa cha kudarizi juu. Nilimwamkia, akaitika bila kunitazama. Alimwita Eliya kwa mkono, akamkalisha kwenye mwanga, akamvua kofia. Akamfunua jicho la kulia kwa vidole viwili. Akamfunua la kushoto. Akamwambia atazame juu, chini, atazame kuku yule pale, ana rangi gani? Eliya akajibu kila kitu kama mwanafunzi.

"Ulifika?" mama akaniuliza, bado ameshika kichwa cha Eliya.

"Sikufika, mama. Mdomo ulikatika, umebaki urefu wa mlango."

"Na huo mnene?"

"Niliuacha hemani."

Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu nifike. Aliniangalia kwa muda mrefu, na nilijua kwamba ameelewa yote, hata yale ambayo sikuyasema. Akatoa simu kwenye pindo la kanga, akabonyeza, akaiweka sikioni.

"Mama Eliya, hujambo dada yangu? Nimeyaangalia mwenyewe. Yote mawili yapo."

Sauti ya Rombo ilitoka kwenye simu kwa vigelegele mpaka kuku wakatawanyika. Mama akampa Eliya simu azungumze na mama yake. Kisha akaja akasimama mbele yangu, akaniwekea kiganja kichwani kama alivyokuwa akifanya nikiwa mdogo, akanisomea dua taratibu mpaka mwisho. Nilishindwa kuinua uso.

"Radhi umepata," akasema. "La friza bado. Nenda kaoshe vyombo."